Maziwa Yalikuja Siku ya Tatu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Jumanne alfajiri, kimya. Mimba ilikuwa ya wiki 37. Jumapili usiku nilikuwa nimelala kwa ubavu wa kushoto kama tulivyofundishwa kliniki, mkono tumboni, nasubiri apige teke. Hakupiga. Jumatatu asubuhi mpimaji wa ultrasaundi alipitisha kile kifaa tumboni mwangu mara mbili, akageuza kioo upande wake, akatoka kumwita daktari. Nilijua kabla hawajarudi.

Habari ya uchungu wenyewe nitaiacha. Nataka kuandika juu ya siku zilizofuata, kwa sababu hizo ndizo ambazo hakuna aliyeniandaa nazo. Kila ninapokutana na mwanamke aliyepita nilikopita, tukishazungumza na kulia na kunyamaza, mmoja wetu huuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe yalikuja?" Mwenzake hujibu, "Yalikuja."

Maziwa.

Niliruhusiwa Jumatano. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu na vya maumivu, nikaambiwa nirudi nikiona damu inatoka kwa wingi au nikishikwa na homa. Muuguzi aliyenitoa alikuwa mpole, alinishika mkono mpaka kwenye bajaji. Kuhusu matiti hakusema neno, na mimi sikuuliza. Akilini mwangu maziwa yalikuwa mali ya mtoto. Kama mtoto hayupo, yatoke wapi tena na ya nini?

Kwetu Tanga kichanga hakiwekewi matanga makubwa. Wanaume walikwenda kuzika, wakarudi, wakakaa barazani na kahawa yao. Wanawake walikaa nami ndani, wengine wakilala kwenye mikeka, na ikawa imekubaliwa kwamba Ijumaa baada ya sala watu watatawanyika. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilianza kuhisi kitu kinavuta kwapani. Nikadhani ni kulala vibaya. Alfajiri nilipojigeuza niligutuka kwa maumivu. Matiti yalikuwa yamekuwa mawe. Ngozi ilikuwa imevutika mpaka inang'aa, mishipa ya kijani imejichora juu yake kama mizizi, na hata upepo wa feni ulikuwa unaniuma. Nikakaa kitako. Kwenye kanga niliyojifunga, mbele, palikuwa na duara mbili za majimaji, zinakua taratibu huku nazitazama.

Chumbani tulikuwa wanawake saba. Wote waliona, na hakuna aliyesema kitu. Wifi yangu alinyanyuka, akachukua shuka, akanifunika nayo mabegani kama mtu anayemfunika mgonjwa wa baridi. Nje jua lilikuwa halijachomoza na joto lilikuwa tayari limeanza.

Nililia siku ile kuliko siku ya kuzaa. Niliona kama mwili wangu umenisaliti, umeandaa chakula cha mgeni ambaye nyumba nzima inajua hatafika.

Leo najua kilichokuwa kinatokea, na natamani mtu angenieleza kwa dakika mbili tu pale wodini. Titi huanza kutengeneza maziwa ya mwanzo, dang'a, tangu katikati ya mimba, kuanzia kama wiki ya 16 hivi. Kinachozuia maziwa yasifurike ni homoni ya projesteroni, na kiwanda chake ni kondo la nyuma. Kondo likishatoka, projesteroni inaporomoka, kile kizuizi kinaondoka, na homoni nyingine iitwayo prolaktini inapata nafasi. Siku ya 2 mpaka ya 4 matiti yanajaa. Hakuna mahali katika mpango huo panapouliza kama mtoto analia au amenyamaza. Kondo likitoka, amri imekwisha kutolewa. Ndiyo maana maziwa huja kwa aliyejifungua salama, kwa aliyepasuliwa, kwa aliyezaa mtoto mfu, na hata kwa wengine ambao mimba ilitoka ikiwa na miezi minne au mitano tu.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wakiwa wamekufa kila mwaka duniani, ukihesabu wale waliofikisha wiki 28 na kuendelea. Nyuma ya kila mmoja yupo mwanamke ambaye siku chache baadaye aliamka na kanga iliyoloa. Tumezungukwa nao. Wengine ni mama zetu, hawajawahi kutusimulia.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeshika usukani asubuhi ile. Alifanya alichofanyiwa yeye na alichoona mama yake akikifanya. Alichukua kanga, akaikunja mara tatu kwa urefu, akaniambia nitoe pumzi, akanifunga kifua kwa nguvu zake zote, fundo likaja mgongoni. Akaagiza nisipewe maji mengi wala uji wala mchuzi, "ili yakose pa kutokea." Jioni, aliponikanda tumbo, akapitisha na kitambaa cha maji ya moto juu ya matiti kuyalainisha, kisha akanifunga tena.

Sina kinyongo naye hata chembe. Alikuwa analia wakati ananifunga. Lakini usiku ule nilitamani kufa. Kila pumzi ilikuwa kisu, na chini ya ile kanga maziwa yaliendelea kuchuruzika yakashuka mpaka kiunoni.

Jumamosi asubuhi wifi yangu, bila kumuaga bibi wala shangazi, alikwenda mtaa wa pili kumwita mkunga mstaafu ambaye watu wote wa kwetu wanamwita Mama Mkunga. Alikuja na kikapu chake, akavua viatu mlangoni, akatoa pole, akaketi kitandani pembeni yangu. Akauliza, "Nani kamfunga hivi?"

"Mimi, dada," shangazi akajibu. "Ndivyo tulivyofungwa sisi."

"Najua. Na mimi nimewafunga wengi enzi zile, wodini, kwa vitambaa vya hospitali. Tumfungue."

Walinifungua pamoja, huyu upande huu, yule upande ule. Alama za mikunjo ya kanga zilikuwa zimebaki kwenye ngozi yangu kama nimelalia mkeka. Nimekuja kusoma baadaye kwamba kubana kifua namna ile ulikuwa utaratibu wa hospitali nyingi duniani, si ujinga wa bibi zetu kama wengine wanavyopenda kusema. Utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwafuatilia kina mama wasionyonyesha, wengine wakifungwa vitambaa na wengine wakivaa sidiria ya kawaida inayowakaa vizuri. Waliofungwa ndio walioumia zaidi na kuvuja zaidi. Kubana pia kunaweza kuziba mirija na kuleta uvimbe. Matiti yanahitaji kubebwa: sidiria ya pamba, isiyo na waya, inayoshika vizuri bila kuacha alama, ivaliwe mchana na usiku. Wifi alininunulia mbili kwenye mitumba ya Ngamiani, saizi moja juu ya ile niliyozoea.

Halafu Mama Mkunga akaniambia neno ambalo nimelirudia kwa wanawake wengi tangu siku ile: "Kamua upumue. Usikamue umalize."

Akanionyesha. Nikanawa mikono, nikainama juu ya bakuli. Kidole gumba juu, kidole cha shahada chini, pembezoni mwa ule weusi unaozunguka chuchu. Unasukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha unakaza vidole taratibu, unaachia. Huvuti chuchu. Matone ya kwanza yalikuwa ya manjano, mazito. Yakaja meupe. Alihesabu kimoyomoyo, na pale titi lilipoanza kulegea kidogo, likiwa bado limejaa kabisa, akanishika mkono. "Basi. Hapo hapo."

Sababu ni hii. Maziwa yanayobaki ndani ya titi ndiyo yanayolipa titi habari kwamba hakuna mnywaji, lipunguze. Anayekamua mpaka tone la mwisho anakuwa ameagiza mengine. Asiyekamua kabisa, huku matiti yamekuwa mawe, anajitesa na anajiweka karibu na uvimbe. Njia iko katikati: kiasi cha kuondoa ule mkazo tu, na kila siku unapunguza, mara nne, mara mbili, mara moja, mwisho hukamui tena. Wengine hawahitaji kukamua hata mara moja. Mwenye kujua ni wewe mwenyewe na kifua chako.

Lile bakuli la kwanza sikuweza kulimwaga. Nilikaa nalo mapajani. Bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa amekuja kutoka Pangani na hakuwa amesema mengi tangu afike, alinyoosha mikono nikampa. Akatoka nalo uani, akalimimina taratibu kwenye shina la mwembe, akakaa pale amechutama kwa muda. Aliporudi alikuwa ameliosha. Mpaka yalipokauka, yeye ndiye aliyemwaga yote.

Ya joto na baridi nayo tulikuwa tumeyapindua. Joto hufungua njia ya maziwa, linamfaa mama anayetaka mtoto anyonye. Asiyenyonyesha anahitaji baridi. Nyumbani hatukuwa na friji, lakini jirani alikuwa anauza barafu, akatugandishia chupa mbili ndogo za maji. Tulikuwa tunazizungushia kitambaa, kamwe si barafu moja kwa moja kwenye ngozi, naziweka kwapani na kwenye matiti dakika 15 mpaka 20, nazirudisha kwa jirani, nachukua zilizoganda. Kwa kuwa tunaoga kwa ndoo, niliambiwa nimwage maji mgongoni, yawe ya vuguvugu, kifua nikiguse kwa kitambaa cha maji ya baridi tu. Kukandwa tumbo kuliendelea, lakini kitambaa cha moto kikawa hakipandi juu ya mbavu.

Na kabichi. Najua wengi mmesikia habari za kabichi na mkadhani ni hadithi. Unaiosha, unatoa majani ya ndani, unayaweka mahali pa baridi, unaponda ule uti mgumu wa katikati kwa mwiko ili jani lilale vizuri, unalipachika ndani ya sidiria, chuchu ikibaki wazi. Likilegea baada ya saa mbili hivi unabadilisha. Tafiti zilizofanywa zinaonyesha huenda kweli likapunguza maumivu, ingawa ushahidi wake si mkubwa. Kwangu ile baridi na ule uzito mdogo wa jani vilinipa usingizi wa saa tatu mfululizo, wa kwanza tangu Jumapili. Ukiwa na mchubuko kwenye ngozi usitumie.

Bibi alikuwa na lake. Jumamosi ile magharibi alituma mtoto akachume yasmini, akakaa mlangoni akazitunga kwenye uzi kama mtu anayetunga kikuba cha arusi. Shangazi akamtazama kwa mshangao: msibani mtu hajipambi. Bibi akasema, "Simpambi. Namkausha." Akaniwekea zile shada ndani ya sidiria, moja kila upande. Chumba kizima kilinukia. Miaka mingi baadaye nilipigwa na butwaa nilipokuta kwamba mwaka 1988 madaktari wa Uhindi walichapisha utafiti mdogo juu ya jambo lile lile: maua ya yasmini yaliyotungwa na kubandikwa kwenye matiti ya kina mama wasionyonyesha, yakilinganishwa na vidonge, na maziwa yalipungua pande zote mbili. Utafiti mmoja mdogo hautoshi kumwambia mtu aache dawa akachume maua. Nauandika kwa sababu bibi hakuwahi kuusikia, naye alikuwa na yake kutoka kwa bibi yake, ng'ambo ile ile ya bahari ambako pepo za kusi na kaskazi zimekuwa zikipeleka na kurudisha watu na maua.

Kuhusu maji, Mama Mkunga alikuwa mkali. Kumnyima mama maji hakukaushi maziwa. Kunamchosha mtu ambaye amepoteza damu na anatokwa na jasho. Kunywa kwa kiu yako. Kula. Vyakula vya kuongeza maziwa vya makusudi ndivyo alivyosema vipumzishwe, ule uji mzito wa pilipili manga wa kila saa, lakini chakula cha kurudisha nguvu mtu apate.

Kwa maumivu nilimeza parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Aibuprofeni nayo inasaidia sana kwa sababu inapunguza na uvimbe wenyewe, ila imezwe na chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, au aliyekuwa na presha kwenye mimba aulize kwanza kwa mhudumu wa afya.

Kilichokuwa hakina kidonge ni vilio vya watoto. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mtoto wa wiki tano. Akilia, hata nikiwa nimelala, nilihisi vijisindano vikishuka kutoka mabegani mpaka kwenye chuchu, na muda huo huo naloa. Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kumbe ni homoni ya oksitosini, inayosukuma maziwa nje, na inaamshwa na sauti, na harufu, na hata picha au wazo. Ndiyo maana naumia nikisikia mama aliyefiwa amelazwa wodi moja na waliojifungua, kitanda kwa kitanda. Mimi nililala hivyo usiku mzima. Nafasi ni finyu hospitalini, naelewa, lakini pazia na kona ya mbali vinawezekana. Nyumbani wifi aliziba dirisha la upande ule kwa kitenge.

Nilihitaji vitambaa vya kuweka ndani ya sidiria kunyonya maziwa. Tulikuwa tumenunua nepi za kitambaa, dazeni mbili, nimezifua na kuzipiga pasi mwenyewe mwezi mmoja kabla. Mama alitaka kuzificha. Nilimwambia azilete. Nilizikunja mara nne nne, nikazitumia, nikazifua, nikaanika. Zilikuwa zimenunuliwa kwa maziwa na zikashika maziwa.

Siku ya 3, ya 4 na ya 5 ndizo zilizokuwa mbaya. Siku ya 7 niliweza kuinua mikono kusuka nywele. Wiki ya pili yalibaki matone. Tone moja moja liliendelea mpaka karibu na arobaini, na hilo ni la kawaida, kwa wengine huchukua zaidi.

Lisilo la kawaida mlijue. Rafiki yangu wa Muheza alifiwa na mtoto miaka miwili baada yangu. Alifungwa kanga, akavumilia. Upande mmoja wa titi ukawa mwekundu, wa moto, mgumu kama kipande cha muhogo, akatetemeka kwa homa usiku, nyumbani wakasema ni malaria. Alipofika hospitali lilikuwa jipu, likapasuliwa. Kwa hiyo: ukiona joto la mwili limefika 38 na kupanda, baridi ya kutetemeka, viungo vinauma kama mafua makali, na sehemu ya titi imewiva au ina uvimbe usiolegea, nenda siku hiyo hiyo. Kama ni uvimbe wenye maambukizi unatibiwa kwa antibaiotiki, na ukiwahi jipu huwa halifiki. Usisubiri dawa za malaria zishindwe.

Vipo vidonge vya kuzuia maziwa yenyewe. Kinachotumika zaidi sasa ni kabergolini, miligramu 1 mara moja tu, ndani ya siku ya kwanza baada ya kujifungua. Kikitolewa mapema hufanya kazi vizuri. Hakimfai mwenye presha ya mimba, mwenye ugonjwa wa vali za moyo, wala aliyewahi kupata ugonjwa wa akili baada ya kuzaa. Kabla yake kulikuwa na bromokriptini, iliyotumika kwa miaka mingi mpaka zikaonekana kesi za kiharusi, degedege na mshtuko wa moyo kwa kina mama, na katikati ya miaka ya 1990 Marekani ikaondoa kibali chake kwa kazi hiyo. Basi usichukue kidonge kwa mtu kwa sababu kilimfaa dada yake. Muulize daktari kabla hujatoka wodini, maana siku ya tatu muda wake umekwisha pita.

Nimeandika kama aliyefiwa, lakini si sisi peke yetu. Yupo mama anayeanza matibabu ya saratani. Yupo ambaye mtoto wake atalelewa na mwingine. Yupo asiyeweza, na yupo ambaye kwa sababu zake ameamua. Na lipo kundi ambalo halijawahi kusikika kabisa. Mwanamke mmoja aliniruhusu nisimulie bila jina lake. Mwaka 2004 alijifungua akiwa na VVU. Wakati ule ushauri ulikuwa kwamba kama mama anamudu maziwa ya kopo kwa usalama, asinyonyeshe kabisa. Alichagua kopo. Alilificha ndani ya sanduku la nguo, akawa anakoroga usiku, na mchana akajibana kifua kwa kitambaa ili mama mkwe asione akivuja, kwa sababu maziwa yanayovuja na mtoto asiyenyonya vingetangaza kila kitu. "Maumivu ya matiti niliyaweza," aliniambia. "Ni kuyaficha ndiko kulikonimaliza."

Ushauri ule umebadilika. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limesema mama mwenye VVU anayetumia dawa za kufubaza virusi anaweza kunyonyesha, kwanza likataja miezi 12, na mwaka 2016 likafikisha mpaka miezi 24. Kama ni wewe, na unameza dawa zako bila kukosa, zungumza na kliniki kabla hujakausha chochote. Mimi mwenyewe binti yangu wa pili nilimnyonyesha miaka miwili kamili na ningefanya tena. Napenda kunyonyesha. Ninachokataa ni kwamba kwa sababu tunahubiri kunyonyesha, tumemwacha mama asiyenyonyesha bila hata karatasi moja ya maelekezo, na swali lake la kwanza analojibiwa ni "kwa nini?"

Jingine ambalo hatuambiwi: asiyenyonyesha hana ile kinga ya kuchelewa kushika mimba. Yai linaweza kupevuka hata kabla ya wiki ya nne kwisha, kabla hajaona hedhi. Nina rafiki aliyeshika mimba ndani ya miezi miwili baada ya kuzika, hajawa tayari mwilini wala moyoni. Kliniki ya arobaini ni mahali pa kuuliza njia ya uzazi wa mpango.

Yangu nilikwenda. Nilivaa sidiria mpya na baibui nyeusi, kifua kimekauka, nikajiona nimepona. Muuguzi kijana alipokea kadi yangu, akaandika tarehe, bila kuinua macho akasema, "Mtoto mweke kwenye mzani." Nikasimama. Wifi ndiye aliyesema. Yule binti aliinuka, akazunguka meza, akanikumbatia, na pale mikononi mwake nikahisi vile vijisindano vikishuka tena, na tone moja likaloanisha nepi.

Nchini Kenya, hospitali ya uzazi ya Pumwani jijini Nairobi ilifunguliwa benki ya maziwa ya mama mwaka 2019. Mama hupimwa, maziwa hupashwa joto kwa utaratibu maalumu wa kuua vijidudu bila kuyachemsha, yanapewa vichanga waliozaliwa kabla ya wakati. Wapo waliofiwa sehemu mbalimbali za dunia ambao kabla ya kukausha huamua kutoa kwanza, wiki kadhaa, na hupata faraja humo. Nilipomsimulia bibi habari hiyo, akiwa kitandani mwaka wa mwisho wa uhai wake, aliuliza mara mbili kama ni kweli. Akasema, "Basi lile la mwembe lingepata mtoto."

Mwezi wa Ramadhani uliopita simu yangu ililia saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa shangazi. Sasa amezeeka, anapiga kelele kwenye simu kama mtu wa ng'ambo ya mto. Mjukuu wa jirani yake amejifungua juzi, mtoto hakukaa, kifua kimejaa usiku huu na wanawake wameshatoa kanga.

"Nimewazuia," akasema. "Nimekaa mlangoni. Njoo na zile chupa zako, na upitie sokoni uchukue kabichi."